Kamera, Fagia na Figo ya Dada

Mimi nauza viatu vya mitumba Kariobangi. Nasema hivyo mwanzoni ili msomaji ajue anamsikiliza nani. Si daktari wala mwalimu, ni mtu ambaye akipewa jozi kumi anahesabu viatu ishirini, kisha anavihesabu tena, kwa sababu kiatu cha kushoto kina tabia ya kutembea peke yake. Mambo ya seli na kromosomu niliyaacha kidato cha tatu, na sikudhani yangenifuata mpaka sokoni. Yalinifuata kwa sababu figo za dada yangu mkubwa ziliacha kufanya kazi.

Dada alikuwa karani wa ofisi, mtu wa kupiga pasi hata leso. Ugonjwa ulianza kwa kuvimba miguu. Akasema ni viatu vinambana, akanilaumu mimi niliyempa. Hospitalini wakasema viatu havina kosa. Haikuchukua muda akawa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu Jumanne na Ijumaa, na akirudi nyumbani analala kama mzigo ulioshushwa kwenye lori. Madaktari walituambia bila kuzunguka. Mashine inamshikilia, haimponyi. Anahitaji figo ya mtu mwingine, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kwa ndugu wa tumbo moja. Pesa za mambo hayo ni hadithi nyingine, na kwa kuwa mimi nikianza pesa sinyamazi, sitaigusa hapa.

Ndugu wa tumbo moja tulibaki wawili: mimi wa katikati, na dada mdogo anayekaa Donholm. Baba, aliyekuwa mchonga vinyago, alishafariki. Mama bado anaishi kwenye nyumba ileile ya kaunti tuliyokulia, na ndiye aliyetuita Jumapili baada ya ibada. Kwetu sisi watu wa mashariki ya Nairobi jambo zito halizungumzwi watu wakiwa na njaa, kwa hiyo nilipitia soko la nyama la Burma nikabeba mbavu. Dada mgonjwa alikuwepo, anakula chakula chake kisicho na chumvi, akiziangalia mbavu zetu kama mtu anayetazama picha za harusi ya mchumba wake wa zamani.

Kikao hakikuchukua muda. Dada zangu wawili ni fotokopi. Paji la uso moja, mwanya mmoja, kicheko kimoja cha kuanzia puani. Kanisani mmoja hukemewa kwa kuchelewa mazoezi ya kwaya aliyochelewa mwenzake. Mimi sifanani na mtu. Utotoni walinitania kwamba niliokotwa kwenye jalala la Dandora, na mama akinitetea alisema nimetoka kwa mjomba wake, mjomba ambaye hakuna aliyewahi kuona picha yake. Kwa hiyo mama alifuta mikono akatangaza uamuzi.

"Damu imeshachagua yenyewe," alisema. "Angalieni nyuso zao."

Tukaangalia. Dada mdogo akasema yuko tayari hata kesho. Mimi nilikubali haraka kuliko wote, na si kwa woga. Nilikuwa na nadharia yangu, na nadharia hiyo ilitoka kazini.

Sokoni robota la viatu likifunguliwa, wa kwanza kufika huchagua vile vinavyong'aa, visivyo na kisigino kilicholika. Hivyo tunaviita kamera. Wanaofuata huokota vya wastani. Jioni inabaki fagia, yaani makombo: vilivyobadilika rangi, vya namba zisizo na mguu wake Nairobi nzima. Sasa, tangu ujana nimeamini wazazi ni robota. Mtoto wa kwanza anakuja soko likiwa limejaa, anabeba kamera. Ndiyo maana dada mkubwa alipata akili, sauti na miguu mirefu. Mimi nilikuja nikachagua kwenye kilichobaki. Nadharia hiyo haikueleza kwa nini dada mdogo, aliyekuja mwisho kabisa, anafanana na wa kwanza. Lakini nadharia ya sokoni haina haja ya kueleza kila kitu, ili mradi mteja aondoke ameridhika.

Dada mdogo akapimwa. Kundi la damu likakubali, tukapongezana. Kisha yakaja majibu ya kipimo kikubwa, kile cha kulinganisha tishu. Aliyetuita ni sista, muuguzi wa kitengo cha figo, mama mmoja kutoka magharibi mwa Kenya mwenye mwendo wa polepole, asiyekubali kuharakishwa na mtu yeyote. Alifunga mlango wa chumba chake kidogo akatueleza. Dada mdogo hakulingana na mgonjwa hata kidogo. Tena, kwa kuwa mgonjwa alishaongezewa damu za watu wengi, damu yake ilikuwa imejifunza kukataa wageni, na walipoichanganya na ya mdogo wake iliikataa.

Dada mdogo alilia bila sauti. "Lakini sisi ni sura moja," alisema.

"Sura na hivi vitu havikai chumba kimoja, dada yangu," sista alimjibu. "Unaweza kuchukua uso wa mtu ukaacha vingine vyote."

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Sista alishatuambia kwamba kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kulingana kikamilifu ni robo, kulingana nusu ni nusu, na kutolingana kabisa ni robo. Nikamwambia nimemwelewa vizuri. Ile robo mbaya imeshatoka, dada mdogo ameibeba. Kwa hiyo kwangu yamebaki mazuri matupu. Anipime upesi, tumalize biashara.

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa bei baada ya kuvaa kiatu.

"Nani alikuambia zinatoka?" aliuliza.

Nikamweleza kamera na fagia. Alicheka, akavuta kiti, na kwa kuwa mgonjwa aliyefuata alikuwa hajafika, akanipa somo ambalo nadhani mwalimu wangu wa kidato cha tatu alilitoa siku niliyokuwa nje nikiuza maandazi.

Alisema kila seli ya mwili wangu ina kromosomu arobaini na sita, na hizo ni jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi moja nilipewa na mama, nyingine na baba. Mpaka hapo nilikuwa nyumbani, jozi nazijua. Lakini mama hawezi kumpa mtoto zote arobaini na sita. Na baba naye akitoa zake zote, mtoto angezaliwa na tisini na mbili, na mjukuu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo mwili una kazi maalumu, inafanywa sehemu mbili tu: kwenye kiwanda cha mayai ya mwanamke na kwenye kiwanda cha mbegu za mwanamume. Kazi hiyo inaitwa meiosisi, na kusudi lake ni kutoa seli yenye nusu, ishirini na tatu tu, moja kutoka kila jozi.

Nikauliza nusu ipi. Hilo ndilo swali langu la kila siku: mtu akisema nusu, nataka kuiona.

Akasema hapo ndipo penye mambo. Kwanza seli inanakili kila kromosomu, kwa hiyo kazi inaanza na mali mara mbili. Halafu jozi zinalala ubavu kwa ubavu, ile mzazi aliyopewa na bibi yako na ile aliyopewa na babu yako, na zikiwa zimekumbatiana hivyo zinabadilishana vipande. Zikiachana, hakuna tena ambayo ni ya bibi mtupu au ya babu mtupu. Kisha jozi zinatengana, moja huku na nyingine kule, na kila jozi inajiamulia upande bila kuuliza jirani yake. Kisha nakala nazo zinatengana. Seli moja inazaa nne, kila moja na ishirini na tatu zake. Kwa mwanamume zote nne huwa mbegu. Kwa mwanamke moja hubeba chakula chote ikawa yai, na zile nyingine ndogo hunyauka.

"Na mtoto wa pili?" nikauliza.

"Yai lake limetoka kwenye seli nyingine yenye jozi zote kamili. Robota linafunguliwa upya kila mara, kaka. Dada yako mkubwa hakupunguza chochote. Na dada yako mdogo hakukumalizia robo mbaya. Robo yako mbaya ipo palepale inakungoja."

Sikupenda jibu hilo. Niliondoka nikiwa nimekasirishwa na mtu ambaye hakunikosea.

Kesho yake sokoni nilifanya kile ninachofanya nisipoamini bei: nikapima mwenyewe. Nilitandika jozi ishirini na tatu juu ya turubai, za kila rangi. Nikasema mguu wa kushoto ni wa bibi mzaa mama, wa kulia ni wa babu. Nikageuza uso, nikaokota kiatu kimoja kutoka kila jozi, nikavipanga kando. Hilo likawa yai la dada mkubwa. Nikaandika kwenye boksi kushoto ni ngapi na kulia ni ngapi, nikarudisha vyote mahali pake, nikaanza tena.

Jirani yangu, anayeuza mikoba, alinitazama asubuhi nzima. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Buda, leo unauza mguu mmoja mmoja?"

Nikamwambia natengeneza mayai. Akasogeza mikoba yake mbali kidogo na kibanda changu.

Kila nilipookota nilipata mchanganyiko tofauti. Mara moja kushoto zilizidi sana, mara nyingine zikakaribiana, lakini hata hesabu ilipofanana viatu vyenyewe havikuwa vilevile. Nikachukua simu, nikazidisha mbili kwa mbili mpaka jozi zote ishirini na tatu zikaisha. Nikapata milioni nane, laki tatu na ushee. Nikarudia, kwa sababu simu yangu nayo ni ya mitumba. Ikasema vilevile. Hiyo ni njia za mama peke yake. Baba naye ana zake, na zinazidishwa kwa za mama. Tena hapo sijabadilisha vipande. Nilijaribu kubadilisha kamba za viatu, ya kushoto iende kulia, ndipo nikaelewa kwamba hesabu haina mwisho na mteja wangu wa kwanza ameondoka na raba yenye kamba nyekundu upande mmoja. Kunakili viatu sikuweza. Hapo mwili umenishinda kazi.

Jambo moja lilinikaa tumboni siku ile. Kila nilipomaliza kuokota, turubai lilikuwa limebaki na viatu vizuri tu. Na nikivirudisha vyote, hakuna aliyekuja mwanzo wala mwisho. Miaka yote hiyo nilijiita fagia, na fagia haikuwepo.

Nilirudi kwa sista nikamwambia nimepima, ni kweli, sasa anipime mimi. Akasema vizuri, ila kwanza niache chumvi, nipunguze tumbo, kwa sababu presha yangu ilikuwa ya mtu anayekula mbavu kwa ushindani. Na mke wangu tulishakubaliana. Alisema anataka mume mwenye figo moja kuliko mume mwenye kinyongo. Nikaanza kutembea kwa miguu toka nyumbani hadi sokoni kila asubuhi. Burma nikawa napita upande wa pili wa barabara. Wachoma nyama walinisalimia kwa huruma, wakidhani nimeokoka. Presha ilishuka kwa uvivu, lakini ilishuka.

Wakati huo mama naye alikwenda kupimwa bila kutuambia. Alirudi akiwa amekasirika. Walimwambia umri wake na sukari yake havimruhusu kutoa kitu, ingawa kwenye kulinganisha yeye ni nusu. Sista alimweleza kwamba mzazi ni nusu kila mara, kwa sababu kila mtoto amepewa nusu kutoka kwenye yai na nusu kutoka kwenye mbegu. Mama alisema yeye alimzaa mtoto mzima, hakuzaa nusu, na hao waliosoma wajipange.

Majibu yangu yalikuja. Nusu.

Sista alichora kwenye karatasi ili nisibishane. Vile vitu vya kulinganisha, alisema, vingi vinakaa pamoja kwenye kromosomu moja, ile ya sita, na husafiri kama fungu moja, mfano wa viatu vilivyofungwa kamba. Mama ana mafungu mawili, baba alikuwa na mawili. Kila mtoto anapata moja la huku na moja la kule. Kwa kuwa mama alipimwa, waliweza kutenganisha. Dada mkubwa na mimi tulipewa fungu lilelile la mama. La baba tulitofautiana. Dada mdogo alipewa mengine yote mawili.

Nikamuuliza kama nusu inaweza kufika robo tatu tukiongea vizuri. Akasema kwenye duka hili bei haishuki wala haipandi. Lakini damu ya mgonjwa haikuikataa yangu, na hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa zaidi. Daktari wa figo alisema nusu inafanya kazi. Dada atakunywa dawa maisha yake yote ili mwili usiishambulie figo, dawa ambazo angezihitaji hata kwa figo ya ndugu aliyelingana kikamilifu. Nikauliza kama nusu inatosha, kisha nikauliza tena kwa maneno mengine, kuona kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Nikasema tunaendelea.

Aliyekataa ni mgonjwa mwenyewe.

Nilikwenda kumwona Ijumaa akiwa kwenye mashine, mkono umefungwa mirija, kichwa kimefunikwa leso iliyopigwa pasi. Akaniambia hataki. Alisema mimi ndiye ninayebeba marobota, nina watoto wanaosoma, na nikianguka atakuwa ameua nyumba mbili kwa figo moja. Alisema mashine ameizoea. Alisema hivyo akiwa na midomo iliyopasuka na macho yaliyovimba, na alitegemea nimwamini.

Nimeuza viatu kwa watu waliokuja kununua mkate. Nimemshawishi mtu wa futi sita kwamba raba ya mwanamke inampendeza, na ilimpendeza kweli. Lakini sikuwahi kugawa kitu bure mteja akakikataa. Nilimwambia kuhusu kubeba, kwamba vijana wa mkokoteni wapo. Akakataa. Nilimwambia madaktari wamenipima mpaka kwenye meno. Akageukia ukutani. Nikasikiliza mashine ikizungusha damu yake nje ya mwili.

Kisha nikamweleza karatasi ya sista, fungu la mama na fungu la baba.

"Mama alitaka kukupa yake, wakamkataa kwa uzee," nilimwambia. "Ile nusu unayolingana na mama ndiyo hiyohiyo unayolingana na mimi. Ni ya mama. Mimi nimeibeba tu."

Alirekebisha leso yake kichwani.

"Na hiyo nusu nyingine?" aliuliza, bado ameangalia ukuta.

"Hiyo ni yangu. Utaivumilia."

"Nimekuvumilia tangu unazaliwa," alisema. Halafu akanyoosha ule mkono usio na mirija, akaniambia nimwitie daktari kabla hajabadilisha mawazo. Nilikwenda mbio, jambo ambalo hospitalini hawalipendi.

Kabla ya upasuaji kulikuwa na kamati ya watu walioniuliza kama nimelazimishwa, kama nimelipwa, kama naelewa. Niliwaeleza meiosisi mpaka mmoja wao akaangalia saa. Wakasaini.

Siku yenyewe walitupeleka mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitangulia, kwa kuwa mali hutoka kwa muuzaji kwanza. Nilipozinduka ubavu ulikuwa unaniuma kama niliyepigwa na kona ya meza, na mdomo mkavu. Nilikuwa bado sijajua niko upande gani wa siku sista alipoingia kwa ule mwendo wake wa polepole. Siku hiyo tu ndiyo nilitamani aharakishe. Alisimama pembeni ya kitanda akaniambia dada yangu amepata mkojo, maana yake figo imeshaanza kazi. Ulianza kutoka akiwa bado mezani, madaktari hawajamaliza kushona.

Mama alipiga magoti palepale wodini, kati ya vitanda viwili, akaomba. Sijawahi kusikia mkojo ukitajwa mbele za Mungu kwa heshima namna ile. Dada mdogo alisimama nyuma yake, na muuguzi mgeni aliyepita akamuuliza kwa ukali ni nani amemruhusu mgonjwa wa figo kutoka kitandani. Tulicheka, mimi nikijutia kila kicheko.

Sasa dada amerudi kazini. Anakunywa vidonge vyake asubuhi na jioni kwa saa ileile, kwa sababu ile nusu ya baba niliyopewa mimi bado ni mgeni kwake, na madaktari wanasema itaendelea kuwa mgeni. Hatuna ugomvi na hilo. Anakwenda kliniki, wanapima, anarudi. Marobota nabebewa. Na mtu akiniuliza mimi ni wa ngapi kwa mama, namjibu wa pili, naendelea kupanga viatu.